Ua wa Kamanda

Palikuwa na mtu mmoja huko Rungwe, jina lake Ambakisye, aliyekuwa na mbwa. Mkewe alikuwa amefariki, na mwanawe wa pekee, Lugano, aliishi mbali mjini. Alibaki na mbwa huyo, na hakuwa mbwa wa kubahatisha. Ambakisye alimlea tangu akienea ndani ya kiatu, akamwita Kamanda, na kila aliyepita njiani alilazimika kusikia sifa zake: kifua kile, masikio yale, akili ile! Mtu akimtaja mbwa wake mwenyewe, Ambakisye alicheka tu.

Jambo moja lilimkera moyoni: Kamanda alimpenda kila mtu. Ua wa michongoma kati ya kiwanja chake na cha jirani, Bi Tusubilege, ulikuwa na mapengo. Mbwa alipenya humo akaenda kulala jikoni kwa jirani, akarudi ananuka moshi wa watu wengine. Ua ule ulikuwa mali ya wote wawili. Kila mwaka kabla ya masika walisimama huyu upande huu na yule upande ule, wakaupogoa pamoja huku wakitaniana na kuulizana habari za watoto. Lakini sasa Ambakisye aliona anadhalilishwa. Ati mbwa wa mtu kama yeye awe wa kijiji kizima?

Akaanza kuchagua ua unaofaa. Seng'enge aliikataa, kwa kuwa watu wangemwona Kamanda na kumwita. Mbao nazo alizikataa kwa sababu ya nyufa. Mwisho aling'oa michongoma yote bila hata kumpigia jirani hodi, akajenga ukuta wa tofali kupita kimo cha mtu, akapanda vipande vya chupa juu yake na kutia geti la chuma. Jamani, ukuta! Watu walisimama kuutazama, naye akasimama kuwatazama wakiutazama.

Kamanda akakaa ndani. Hakuona tena uso wa mtu ila wa bwana wake. Wengine wote wakawa vishindo tu nyuma ya tofali, naye akavibwekea asubuhi hadi jioni, mpaka sauti yake ikawa ya kutisha. Ambakisye akavimba kichwa. Akasema sasa ndiyo ana mbwa.

Siku moja alipanda ngazi kuupaka ukuta wake chokaa. Ngazi ikateleza, akaanguka ndani ya ua, mguu ukavunjika na kuchanika, damu ikamwagika. Akapiga yowe. Majirani wakatupa majembe wakaja mbio, Bi Tusubilege akiwa wa kwanza. Mwanamume mmoja alipanda geti, na Kamanda akaruka nusura amnyofoe mkono. Wakarusha nyama, hakuitazama. Wakamwita kwa jina, akazidi kutoa meno. Alisimama juu ya bwana wake, manyoya yamemsimama, hapiti mtu. Na hata pale chini, katika maumivu yale, Ambakisye alimtazama akaona fahari.

Lakini damu haikukatika, na macho yakaanza kuingia giza. Ndipo Bi Tusubilege akasema kutoka nyuma ya geti: "Baba Lugano, tupo hapa sote. Ila mbwa wako ametusahau. Itabidi uje utufungulie mwenyewe."

Akajikokota kwa tumbo, mtu yule wa fahari, akiuburuta mguu, vumbi limemjaa kinywani. Alipofika getini akamkaba mbwa shingoni kwa mkono mmoja, akavuta komeo kwa mkono wa pili. Wakaingia, wakambeba. Alipona, ila alichechemea maisha yake yote.

Ndugu zangu mnaolea na mnaojenga, mbwa yule alimtii bwana wake, akamlinda, akampenda kuliko watu wote. Niambieni, yeye alikosa nini?