Kishingo na Jalidi wa Uporoto

“Paukwa!”

“Pakawa!”

“Pakawa baridi!”

“Tukakoka moto!”

“Na aliye mbali na moto?”

“Asogee!”

Basi sogeeni. Bupe, mpishe mdogo wako.

Hapo zamani za kale, katika milima ya Uporoto, paliishi mama mmoja aliyeitwa Tusekile binti Mwakalobo.

“Mama Tuse!”

Hapana, Gwamaka. Tusekile. Jina la mtu halikatwi vipande kama muwa.

Tusekile aliishi peke yake, na nyuma ya nyumba yake palikuwa na banda la kuku. Mwaka uliotangulia alikuwa na kuku kumi na mmoja. Kipupwe kikaja, wakafa wanane, wakabaki watatu. Hao watatu ndio mbegu iliyosalia. Ndio pia waliomwamkia kila asubuhi, maana hakuwa na mwingine wa kumwamkia.

Wa kwanza alikuwa jogoo, jina lake Sultani. Wa pili alikuwa Madoa.

“Kanga huyo, Babu!”

Kuku, Lugano. Mwenye madoa si lazima awe kanga. Na wa tatu alikuwa Kishingo. Huyu alikuwa wa aina ile isiyo na manyoya shingoni, na wenzake hawakumpa nafasi ya kupumua.

“Wewe, umesahau kuvaa?” Sultani humwambia.

“Amevaa,” Madoa hujibu, “ila kola imeliwa na panya!”

Kishingo huendelea tu kuparura.

Sasa, adui yao alikuwa Jalidi. Jalidi ni ule umande unaoganda alfajiri, ukakaa mweupe juu ya majani.

“Kama chumvi!”

Kama chumvi, ila usiulambe. Kipupwe kilipoingia tena, Jalidi alikuja alfajiri, akasimama kwenye ua wa Tusekile, akaimba:

*Nani kalowa? Nani kalowa?*
*Aliyelowa ni wangu!*

Tusekile aliusikia wimbo ule akiwa jikoni, mwiko ukamponyoka. Akasema, “Mwaka huu hunipati. Mwaka huu nitafunga kila tundu.”

Akakanda udongo. Akazunguka banda. Akaziba upenyo wa chini, akaziba upenyo wa ubavuni, akapanda juu ya kigoda akaziba hata ile nafasi iliyokuwa kati ya ukuta na paa la mbao. Kuku wakapiga kelele: “Mama, tuachie pa kupumulia! Mama, tuachie!”

Tusekile akatabasamu. “Sikia wanavyonishukuru,” akasema.

“Hawakumshukuru!”

Hawakumshukuru, Bupe, lakini mtu anayefanya kazi kwa bidii hasikii vizuri.

Jua likazama, mlango ukafungwa. Kuku wakapumua. Pumzi ikapanda juu, ikagonga paa, ikakosa njia. Ikageuka maji. Tone likaanguka, to! Tone jingine, to! Kulipokucha, Tusekile akafungua mlango, wakatoka wamelowa kama waliovuka mto. Nje alikuwa nani?

“Jalidi!”

*Nani kalowa? Nani kalowa?*

“*Aliyelowa ni wangu!*”

Akamuuma Sultani kwenye upanga wake mwekundu, ule wa kichwani. Ncha yake ikawa nyeusi. Sultani, aliyezoea kuwika mara tano, siku hiyo akawika mara moja, tena kwa adabu.

Tusekile akalia. Jirani yake Sekela akapita na kuni kichwani, akasimama.

“Dada Tusekile, kuku hao umewaogesha?”

“Usinitanie, Sekela. Baridi inanimalizia kuku.”

“Sasa baridi dawa yake si moto? Waingizie jiko la makaa, walale kama wageni wa harusi.”

Sekela alikuwa mtu mwema, lakini hakuwahi kufuga hata njiwa. Jioni ile Tusekile akaingiza jiko la makaa bandani, akafunga mlango.

“Wataungua!”

Hawakuungua, Gwamaka. Ilikuwa mbaya zaidi. Moto wa makaa katika chumba kilichozibwa huua mtu kimyakimya, na kuku vilevile. Nanyi msijaribu kamwe, hata mkihisi baridi namna gani.

Kabla uji wa jioni haujachemka jikoni, Tusekile akaona hasikii tena sauti yoyote kutoka bandani. Akakimbia. Akafungua. Sultani kalala ubavu, Madoa kalala ubavu, Kishingo ameweka mdomo kwenye ufa mdogo wa mlango. Akawatoa mmoja mmoja, akawapepea kwa upande wa kanga, mpaka wakafumbua macho.

Akawatazama: wamejaa masizi. Akawahurumia. Na kwa huruma hiyo, watoto wangu, akawaosha kwa maji ya vuguvugu, akawarudisha bandani.

“Aaa! Kawalowesha mwenyewe!”

Kawalowesha mwenyewe. Kulipokucha?

“*Nani kalowa? Nani kalowa? Aliyelowa ni wangu!*”

Jalidi akamuuma Madoa kidole cha mguu. Madoa akatembea akichechemea. Jalidi akapiga makofi juu ya majani, akasema, “Tusekile binti Mwakalobo, ahsante. Mwaka jana nilitafuta mwenyewe. Mwaka huu unaniandalia. Kesho nitakuja kwa yule mwenye shingo tupu, naye nitamla mzima.”

Tusekile akaingia ndani, akatoka na kitambaa cha sufu. Akapiga magoti mbele ya Kishingo ili amfunge shingoni.

“Mama,” akasema Kishingo, “acha kwanza. Hujaniuliza.”

“Nikuulize nini, mwanangu? Naona uko uchi.”

“Sultani na Madoa wana manyoya. Tone likiwaangukia, hawajui limetoka wapi. Mimi linaniangukia kwenye ngozi. Usiku kucha nimehesabu. Matone yanatoka juu, Mama, pale ulipoziba. Ni pumzi zetu wenyewe zinaturudia.”

Sultani akafungua mdomo ili acheke. Akakumbuka upanga wake, akafunga mdomo.

Tusekile akakaa chini kabisa, kanga ikalowa umande. “Basi niambie,” akasema. “Niambie yote, nami nitanyamaza.”

Kishingo akamwambia: “Udongo wa juu uubomoe, pumzi ipate kutoka. Udongo wa chini uuache, upepo usitupige miguuni. Matandiko yaliyolowa uyatoe, umwage majani makavu, yafike kwenye kifundo cha mguu wako. Badala ya ule ufito mwembamba tunaolalia, weka ubao mpana, ili tukilala tumbo lifunike vidole. Jioni utupe mahindi kiganja kimoja, kwa kuwa tumbo lenye kazi hupata joto. Maji yabadilishe asubuhi, yakiwa yameganda hatuwezi kuyanywa.”

“Na kitambaa?” akauliza Tusekile.

“Kitambaa jifunge wewe, Mama. Unatetemeka.”

Madoa akacheka mpaka akasahau kidole chake.

Siku nzima Tusekile alifanya kazi, na kila alipomaliza jambo aliuliza, “Hivi?” Kuku wakajibu, “Hivyo,” au “Bado.” Jua likazama. Kuku wakala mahindi, wakapanda juu ya ubao wakabanana, Kishingo katikati. Akaingiza kichwa chini ya bawa, na hiyo shingo tupu haikuonekana tena.

Alfajiri Jalidi akaja.

“*Nani kalowa?*”

Akasogea mlangoni.

“*Nani kalowa?*”

Mlango ukafunguliwa. Akatoka Sultani, mkavu. Akatoka Madoa, mkavu. Akatoka Kishingo, mkavu, akajinyoosha kama mtu aliyelala vizuri kwao. Jalidi akamzunguka mara tatu akitafuta tone moja tu. Hakulipata. Jua likachungulia juu ya kilima, na Jalidi mwenyewe akaanza kulowa, akakimbilia bondeni.

Sultani akawika mara tano. Kisha akamgeukia Kishingo, akasema kwa sauti ndogo, “Umeamkaje, dada?”

“Nimeamka salama,” akajibu Kishingo.

Na Tusekile, aliyesimama mlangoni na bakuli la maji, akawaamkia wote watatu kwa majina yao kamili.

Fundisho ni hili: ukitaka kumsaidia mtu, usianze na mikono, anza na swali. Muulize panapomuuma.

“Na wa kwetu, Babu? Banda letu lina tundu juu?”

Kesho mchana, Lugano, twende tukawaulize kuku.

Ngano yangu imekomea hapo. Aliyeipenda aichukue, asiyeipenda aniachie.