Nadhiri ya Mkeka wa Bi Mize

Sogeeni, sogeeni. Mwenye kusinzia akalale kwao. Hadithi yangu ya leo haina sungura wala mfalme. Ina mwanamke mmoja, mkeka mmoja, na watu watatu waliompenda. Nikifika mwisho nitawauliza swali, na msinikodolee macho mimi, maana nimeshaifikiria mpaka kichwa kimeniuma na jibu sijalipata.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Mize binti Makame. Mji wake siutaji. Wenyewe wapo na masikio wanayo. Huyu Bi Mize alikuwa na mikono, jamani! Akichana majani ya miyaa, akitia rangi, akisuka ukanda wa ukili, macho yako hayavipati vidole vyake. Mkeka wake ukitandikwa, mtu alifikiri mara mbili kabla ya kuukalia. Mumewe, Mzee Faki, alikufa zamani akaacha wajane wawili katika nyumba moja, Bi Mize na mke mwenzake Bi Time. Mume alipokuwa hai waligombana mpaka majirani wakazoea. Alipokufa wakaona hakuna tena wa kugombaniwa, wakapika chungu kimoja.

Sasa hao watatu. Riziki, binti yake Bi Mize, alijaaliwa ulimi: hapana mlango aliobisha ukakataa kufunguka. Shaame, mdogo wa kiume wa Bi Mize, alijaaliwa miguu: ukimtuma, huulizi tena, umeshaletewa. Na Bi Time alijaaliwa mikono ya ulezi, hata mtoto mkorofi akipakatwa naye hunyamaza.

Basi maradhi yakaja. Asubuhi Bi Mize akiamka, vidole vimevimba, vigumu, havikunjiki wala havikunjuki. Magoti yakafuata. Mjini wakasema yao: karogwa na wasusi wenziwe, kakanyaga kitu, ana damu chafu. Akachanjwa, akafukizwa, akanyweshwa mizizi michungu. Wapi! Vidole vikapinda kama tangawizi. Mtu aliyewatandikia watu arusi zao akawa hawezi hata kujifunga kanga kifuani. Chooni anapelekwa, uso anaoshwa, wali analishwa. Alikuwa akilia kwa hasira kuliko maumivu.

Siku moja uchungu ulimzidi, akasema mbele ya wote watatu: "Mwenyezi Mungu akinirudishia mikono hii, naweka nadhiri. Mkeka wangu wa kwanza ni wa yule aliyenipa mikono. Huyo, na si mwingine."

Nadhiri mnaijua nyie. Ukishaitamka imekukaba shingo, huna pa kuponyokea.

Riziki ndiye aliyeanza. Alisema, "Mama harogwi mikono miwili na magoti mawili kwa mpigo," akampeleka hospitali. Wakapewa dawa za maumivu, wakarudishwa. Akampeleka tena, wakaambiwa ni utu uzima. "Utu uzima gani wa kuvimba vidole?" Akabishana na kila aliyevaa koti jeupe, mpaka wakachoka naye wakamtajia daktari wa viungo, ng'ambo, katika mji mkubwa. Akavuka na mamake. Daktari akavitazama vile vidole, akapima damu, akasema, "Hii ni baridi yabisi. Askari wa mwili wake wamechanganyikiwa, wanampiga mwenye nyumba." Akampa vidonge kwanza. Vikapunguza kidogo, visiponye. Ndipo akataja dawa kali ya sindano.

"Bibi," akaanza daktari, "dawa hii ina faida kubwa, na ina hatari zake. Nataka unisikilize."

Riziki akamkatiza. "Daktari, mama amechoka. Mwache apumzike nje."

"Mwenye mwili ni yeye."

"Nitamweleza mwenyewe."

Kwetu mgonjwa hapewi habari nzito, si mnajua? Anafichwa, anatiwa moyo, anaambiwa hujambo, leo una nuru. Bi Mize akasukumwa nje kwenye kiti cha magurudumu, akakaa akiutazama ule mlango. Riziki alipotoka alikuwa anacheka. "Mama, dawa ipo. Utasuka!"

"Haina madhara?"

"Kitu gani hakina madhara? Hata asali ukizidisha. Wewe muombe Mungu tu."

Shaame akapokea kazi kutoka hapo. Dawa yenyewe ilikuwa na deko kama bibi harusi: haitaki joto, haitaki kutikiswa, haitaki kuchelewa. Kila mwezi Shaame alivuka kuifuata, akaitia ndani ya chupa ya chai yenye barafu, akairudisha ameipakata. Safari moja mashine ya boti iliharibika, barafu ikaanza kuyeyuka. Shaame akawaangukia wachuuzi wa samaki waliokuwa humo, akapewa barafu ya kwenye matenga yao. Alifika nyumbani ananuka nguru mwili mzima, watu wanamkimbia, na dawa ni baridi vile vile.

"Nani kama mimi?" akasema.

"Nenda kaoge kwanza," akajibiwa na dada yake.

Na Bi Time? Sindano ile ilichomwa nyumbani, na nani wa kuichoma? Bi Time alikuwa mtu wa kuzimia akiona kuku anachinjwa. Akaenda zahanati, nesi akamfundisha kwa kuchoma chungwa. Alichoma machungwa mpaka watoto wa mtaa wakachoka kuyala. Kisha akaja kwa mwenzake, akamfinya nyama ya tumboni, akapiga bismillahi, akachoma. Akatoka nje akatapika. Lakini siku yake ilipofika tena, alichoma tena. Na kila asubuhi alitia mikono ya Bi Mize katika maji ya vuguvugu, akavikunjua vidole kimoja kimoja, taratibu.

Siku moja asubuhi kidole gumba cha Bi Mize kikakutana na kidole cha shahada. Akapiga kelele nyumba nzima ikaja mbio. Baadaye kidogo akajifunga kanga mwenyewe, akalia. Kisha akaomba miyaa.

Alianza polepole, akiharibu na kufumua. Halafu mikono ikakumbuka. Ukili ukawa unamwagika mapajani mwake kama zamani, mwekundu, wa zambarau na mweupe. Alipoanza kuunga mkeka wenyewe, ile nadhiri ikaanza kuwapigia kelele wale watatu.

"Mama, mkeka huo nautandika kwangu," alisema Riziki. "Bila ulimi wangu, mpaka leo ungekuwa unafukizwa."

"Ulimi haukuvuka na barafu," alisema Shaame. "Dada, dawa ingeoza bila mimi. Ungechomwa maji ya moto."

"Na mimi nilikuwa napunga hewa?" akauliza Bi Time. "Dawa ingekaa ndani ya chupa ya chai mpaka kiama. Nani aliyeitia mwilini?"

Bi Mize anawasikiliza, anasuka, anacheka. Kwa kweli raha ilimwingia. Nani hapendi kugombaniwa? Akawaambia, "Nyamazeni. Nikimaliza nitamtaja."

Lakini kikohozi kilikuwa kimeshaanza. Kidogo kidogo, akikohoa ndani ya kanga. Jasho nalo, akiamka shuka limelowa, na mifupa ya mabega inaanza kuhesabika. Hakumwambia mtu. Alijisemea moyoni: mkeka umebaki kidogo, nikisema nitapelekwa hospitali, wacha nimalize kwanza. Hata alipobakisha upindo tu wa pembeni, akakohoa, na kanga ikatoka na damu.

Wakavuka naye wote watatu. Daktari akapima makohozi, akarudi uso umebadilika. "Ni kifua kikuu, na kimeshakula pafu. Kilikuwa kimelala mwilini, na dawa ile ikawalaza askari waliokuwa wakikizuia." Akamgeukia Riziki. "Nilikuuliza kama nyumbani yupo aliyewahi kuugua kifua kikuu. Kipimo cha mwanzo kilikuwa safi, lakini nilikwambia mwili uliochoka unaweza kukihadaa kipimo, ndiyo maana nakuuliza kwa mdomo. Ulinijibu nini?"

Riziki akatazama chini. "Nilisema baba alikufa kwa pumu."

Safari hii Bi Mize alikuwa ndani ya chumba. Alisikia kila neno.

"Na mlipopewa dawa hapa dirishani," daktari akaendelea, "mchukuaji huambiwa kila mara: akikohoa, akipata homa, msimchome, mleteni. Hamkuambiwa?"

"Niliambiwa," akasema Shaame. "Kila nilipokuja niliambiwa. Nilileta dawa, yale maneno sikuyaleta. Ningemtishaje mgonjwa, daktari? Ameshaanza kujifunga kanga mwenyewe, nimwambie kuna kifo ndani ya sindano?"

Bi Time alikuwa analia tangu walipoingia. "Mimi niliyaanika mashuka. Nilijua ile si homa ya mafua, nimemuuguza Faki, ninaijua ile harufu. Nikampa tangawizi na asali, nikaendelea kumchoma. Niliogopa wataizuia dawa, na mikono itarudi kule kule."

Bi Mize akamtazama binti yake. "Riziki. Baba yako hakuwa na pumu."

Ndipo Riziki akaripuka. "Na nani alinifundisha kusema pumu? Nani alitukalisha matanga hayajaanuliwa, akatuambia tukisikika tumetaja kifua kikuu, mimi sitaolewa na nyumba hii haitaingiwa na mgeni? Nimesema uliyonifundisha, mama!"

Bi Mize alifunga macho. Kweli alifundisha, na alifundisha vizuri.

Daktari akasema hivi: sindano imesimama. Atameza vidonge vya kifua miezi mingi, bila kukosa. Vidole vitaanza kukakamaa tena, na atampa dawa nyepesi ya kumtuliza. "Kifua kikipona, tutazungumza upya kuhusu dawa kali, na safari hiyo hutoki chumbani. Pafu lililokwenda, bibi, halitarudi."

Wakarudi nyumbani. Bi Mize akajifunika mdomo kwa kitambaa kama alivyoelekezwa, akauchukua mkeka wake akakaa nao barazani penye hewa. Upindo ulikuwa bado, na vidole vilishaanza kuwa vizito asubuhi. Akashona. Shazia, ile sindano ya kushonea mikeka, ikimshinda vidoleni, aliivuta kwa meno. Akikohoa anapumzika, akipumzika anashona. Alimaliza, na kushona kwa mwisho kumekwenda upande, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu usichana wake.

Akawaita wote watatu. "Nadhiri imefika. Semeni sasa. Mlikuwa mnagombea."

"Mpe mjomba," alisema Riziki. "Mimi sistahili."

"Sitaki, dada," alisema Shaame. "Mpe Bi Time, ndiye aliyechoma."

"Mimi?" Bi Time akarudi nyuma. "Niuweke wapi? Kila nikiukalia watu waseme, yule ndiye aliyemchoma. Mpe mwanao, Mize, ndiye aliyeitafuta hiyo dawa."

Bi Mize akawatazama mmoja mmoja. Mkeka uleule, watu walewale! Sifa kila mtu ni yangu, lawama kila mtu ni ya yule.

"Mnajua kinachoniuma?" akasema. "Mngeniambia yote, ningekubali. Wallahi ningekubali. Ningesema, nichomeni; kuliko kulishwa kama mtoto, heri nichague mikono, na kifua nitamwachia Mungu. Ningechomwa sindano ile ile. Lakini ningekuwa nimechagua mimi. Na kikohozi cha kwanza tu ningejua ni nini. Nimepoteza pafu kwa sababu mlinipenda."

"Na wewe ulipokohoa ukaficha?" Bi Time akauliza, sauti chini. "Ulikuwa unampenda nani?"

Bi Mize akauvuta mkeka miguuni pake.

Haya. Hadithi yangu imefika hapa na haisogei. Kila mmoja wa watatu alimpa mikono. Ukimtoa mmoja, mikono haipo. Kila mmoja wa watatu alinyamaza. Angesema mmoja tu, pafu lingekuwepo. Msiniambie mkeka ukatwe vipande vitatu, mkeka uliokatwa ni takataka, na Bi Mize hakujitesa kwa meno yake ili asuke takataka. Msiniambie apewe daktari. Nimemuuliza, amesema yeye analipwa kwa kazi yake na hapokei. Na yule nimwonaye kule nyuma anataka kusema Bi Mize aukalie mwenyewe, asubiri kwanza anijibu: uongo wa pumu ulitoka kinywani mwa nani?

Nadhiri ni deni, na vidole vya Bi Mize vinafunga. Asubuhi hii ameshindwa tena kujifunga kanga, na ambao angewaita wamfunge ni wale wale watatu. Amekaa na mkeka miguuni, hajamwita hata mmoja.

Wewe ungekuwa Bi Mize, ungemwita nani?