Jini Aliyelia Asifungue Lango

Katika mji wa Marijani alitawala Sultani Ghanimu, mtu mpole, na upole huo ukamponza, kwani mwongo mmoja aliingia kasrini kwa hati ya tabibu aliyoiiba na kumtilia sumu mwanawe wa pekee, Badrudini. Ndipo Sultani alipomfunga jini Daharushi langoni kwa kiapo kizito, kwamba asimpitishe mtu, hata kwa amri ya Sultani mwenyewe, ila mwenye hati yenye muhuri wa Kadhi Mkuu, na mtu huyo apige pete yake juu ya lakiri ya moto, ile nta ya mihuri, kando ya neno atakalolitunga jini saa ile ile, na alama ilingane na iliyo katika hati. Hati huibwa, na lakiri ya jana huokotwa, lakini pete haimtoki mwenyewe kidoleni.

Akaja kumtibu Mwanashuri binti Kombo, tabibu wa Mitondooni, ambaye Badrudini alimpenda tangu alipomtibu homa safarini.

"Onyesha hati, bibi."

"Onyesha yako kwanza. Nitajuaje kama hili ni lango la Sultani?"

Jini akafurahi mno, maana hakuna aliyewahi kumuuliza, akaonyesha hati yake na kupiga pete. Kisha akaisoma ya Mwanashuri, na uso ukamshuka.

"Muhuri huu ni wa kadhi wa Mitondooni. Mimi namjua Kadhi Mkuu tu."

"Kadhi wetu kawekwa na Kadhi Mkuu huyo huyo! Hati yake ya kuwekwa nilipewa nakala, nikaiacha sandukuni nikidhani yangu yatosha."

Na Mitondooni ni mwendo wa siku mbili. Sultani akatoka mbio, kilemba mkononi. "Fungua, Daharushi! Mwanangu hafiki kesho!"

"Kiapo ni chako, maulana." Machozi ya jini yakalowesha kizingiti. "Nalia, bibi, lakini sifungui."

Jini hakuweza kuliacha lango, lakini alikuwa na kasuku aendaye kasi kuliko upepo, akamtuma. Mwanashuri akaketi kizingitini, akaita kuelekea dirishani, "Badrudini! Nipo hapa nje. Usilale."

Sauti nyembamba ikajibu, "Umechelewa, kama kawaida yako."

"Utanigombeza nikiingia."

Wakazungumza hivyo, Mwanashuri akimkataza usingizi, hata alasiri kasuku akatua na karatasi mdomoni, akaitema na kunung'unika, "Sanduku gani lile, leso tupu!"

Jini akaziunganisha hati: Kadhi Mkuu akamthibitisha kadhi wa Mitondooni, naye akamthibitisha Mwanashuri. Akaandika neno, Mwanashuri akapiga pete, alama ikalingana, na lango likafunguka kabla jini hajafuta machozi.

Badrudini akanywa dawa, akatoka jasho la sumu, akapona. Wakaozwa kwa karamu ya siku saba, na Mwanashuri akatunukiwa kasri na bustani, na Sultani akaamuru kila msafiri achukue pia hati ya aliyempigia muhuri. Nami nasema, akupendaye hakasiriki ukimuuliza yeye ni nani.

Siku ya nane Badrudini alitoka kununua halua, hati akaisahau chini ya mto.

"Nalia, bwana," akasema Daharushi, "lakini sifungui."

Mwanashuri akashuka na hati ile mkononi, akacheka, akaketi na mumewe kizingitini pale pale, na hawakuingia mpaka halua ilipokwisha.