Kipande Kilichobaki Ngumini

Fumbo hili lina watu watatu na ufunguo mmoja. Sikilizeni mpaka mwisho, maana wepesi wa kujibu ndio hao hao wanaokosea kila siku.

Marehemu Bi Mwanakheri wa Muheza aliacha wosia: mwanawe atakayefanikisha hitima yake ndiye ashike nyumba. Saumu alijua kupanga. Mwanahawa alijua kutenda. Shekue, kaka yao, alijua kukaa na mtu. Asiyekuwa na pengine pa kulala ni Saumu.

Saumu aliandika mpango wote kwenye boksi la sabuni: kuni, maji, nyama, saa ya kuwasha kila jiko. Daktari alishawaambia kuwa Saumu ana maradhi ya haiba, ugonjwa wa nafsi na hisia. Akihisi ameachwa, hisia humpanda na mipango yote humponyoka. Si uvivu, alisema daktari. Asubuhi ya hitima Saumu alimsalimu Mwanahawa, naye, simu sikioni, hakuitikia. Saumu akauchana mpango, akaenda kuketi uani. Hakulia.

Mwanahawa aliokota vipande, akavigandisha kwa uji, akaufuata mpango neno kwa neno. Mwenyewe hajui kupanga hata vikombe, lakini mikono anayo. Wageni walikuwa themanini, na nyama aliyoiona ni ya watu arobaini. Kipande kimoja cha boksi kilikosekana.

Shekue aliketi kando ya Saumu. Hakuuliza, hakubembeleza. Saa tatu nzima, mpaka miguu ikafa ganzi. Mwishowe Saumu akafungua ngumi. Kipande kilikuwa humo, kimeandikwa: nyama iliyobaki iko kwenye friji ya Mama Chausiku, jirani.

Pilau likatosha. Watu wakala, wakaomba dua, wakaondoka.

Mjomba Mbwana, ndugu wa marehemu, akatoa ufunguo wa nyumba.

"Mjomba, mpango uliochanwa haupiki," akasema Mwanahawa.

"Na bila ile nyama tungeaibika," akasema Shekue.

"Saumu mwanangu, nawe wasemaje?"

"Mpeni yeyote, mjomba. Mimi sihisi kitu."

Mlangoni palikuwa na begi la Saumu, na juu ya begi kipande kingine cha boksi, mwandiko ule ule: kuoga, kuaga, basi la saa kumi. Pa kushukia hapakuandikwa.

Sasa ni saa tisa na nusu, na Mjomba bado ameushika ufunguo. Ungekuwa wewe, ungeuweka mkononi mwa nani?