Siwema Pimbi na Mkataba wa Bwana Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, lakini si kale sana, kwa maana redio zilikuwa zimekwisha kufika hata bondeni kwa wanyama, aliishi pimbi mmoja aitwaye Siwema. Alikuwa mdogo, mnene kidogo, hana hata mkia wa kufukuzia nzi. Lakini kichwa! Kichwa chake kilinasa maneno kama ulimbo unavyonasa ndege.

Kila alasiri, akisha kuosha vyombo na kuwalaza wanawe watatu, alikwenda kukaa nje ya duka la Mama Kakakuona. Hapo dukani palikuwa na redio ya sola, na saa kumi kamili ilitoa somo la Kiingereza, neno na herufi zake. Neno likitoka tu, Siwema hulidaka, hulirudia, kisha hukimbia nalo nyumbani na kuliandika kwa mkaa kwenye jiwe la jikoni.

"'Energy' ni nishati," aliwaambia wanawe wakati wa kula. "Haya, 'waste' je?"

"Taka!"

"Na 'solar'?"

"Ya jua!"

"Ehee! Na sisi pimbi tunapoota jua asubuhi juu ya jabali, tunafanya nini?"

"Tunachaji betri, mama!" Wakaangua kicheko, kwa-kwa-kwa!

Majirani nao walicheka, ila walimcheka yeye. "Kiingereza cha nini, Bi Siwema? Unataka kuwahutubia mijusi?"

Siwema alizidi kusikiliza redio. Alijifunza masika, akajifunza kiangazi, na jiwe la jikoni lilipojaa akahamia jiwe la chumbani.

Basi siku moja, puu! puu! puu! Bwana Nyati akarudi kutoka mjini. Shingoni tai nyekundu, pembeni kaning'iniza mkoba, na mbele yake anasukuma pipa la chuma lililofungwa kifuniko.

"Ndugu zangu!" akanguruma. "Kile kiwanda cha betri nyuma ya kilima kimetupenda. Kimetuletea mkataba, na pipa hili ni zawadi ya kuonja tu. Kesho Mzee Kiboko atie alama ya mguu wake, na maendeleo yaje!"

Mzee Kiboko ndiye aliyekuwa mkuu wa bonde na mlinzi wa chemchemi. Chemchemi ilikuwa moja tu, na wote, tangu tembo hadi sisimizi, walikunywa hapo.

Bwana Nyati akaubandika mkataba huo, ulioandikwa kwa Kiingereza, mlangoni pa duka. Wanyama wakauangalia, wakausifu kwa weupe wake, wakaenda zao. Siwema peke yake alibaki. Akasimama kwa miguu ya nyuma, akasoma polepole, mstari baada ya mstari. Alipofika katikati, manyoya yakamsimama.

Kiwanda kilitaka kumwaga taka zake za sumu ndani ya chemchemi! Na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, Bwana Nyati aliahidiwa shamba la majani mabichi, mbali na bonde.

Siwema akatimua mbio hadi kwa Mzee Kiboko, akamweleza yote huku akihema.

Mzee Kiboko akapiga mwayo, aaaah! "Binti yangu, Bwana Nyati amekaa mjini. Wewe umekaa juu ya jiwe. Nimwamini nani? Nenda kapike."

Siwema akarudi nyumbani. Akawatazama wanawe wakinywa maji ya chemchemi, gudu-gudu-gudu, akasema moyoni, "Ukweli wangu ni mdogo kama mimi, haukubaliki. Basi ngoja uongo wake mkubwa uniamulie."

Kulipokucha, mkutano ukajaa. Mzee Kiboko alikwisha kuchovya mguu kwenye tope ili atie alama, Siwema alipojipenyeza hadi mbele. Akapiga magoti kwa adabu.

"Shikamoo, Bwana Nyati. Sisi wajinga wa bonde tunaomba utufundishe. Hilo neno 'waste', lililoandikwa mkatabani na kwenye pipa hili, maana yake nini?"

Nyati akavimba kifua. Sifa, wanangu, ni pombe. "'Waste'? Ni chumvi tamu ya kulamba!"

"Lo! Na 'toxic'?"

"Ni yenye nguvu. Ukiila, misuli inatutumka, tu! tu! tu!"

"Ajabu! Na 'dump'?"

"Kugawa kwa ukarimu, bila kipimo!"

"Jamani, tuseme pamoja tusije tukasahau!" Siwema akaruka juu ya kisiki. "'Toxic waste'?"

"Chumvi tamu yenye nguvu!" umati ukaitikia, hata vumbi likatimka.

"Mzee Kiboko," Siwema akageuka, sauti laini kama siagi, "je, ni heshima sisi kulamba kabla ya aliyetuletea? Pipa hili lipelekwe kwa Bwana Nyati. Limwagwe kwenye dimbwi lake la kuogea, mkewe na ndama wake wawe wa kwanza kuonja."

"Umenena!" wakapiga kelele. "Wa kwanza Bwana Nyati!"

"La, la, sistahili," Nyati akasema, akirudi nyuma. "Nyie kwanza."

"Unyenyekevu huo!" Siwema akashangilia. "Mwongezeeni na mapipa yote yatakayokuja!"

Mzee Kiboko akalisukuma pipa kwa pua. Gulugulugulu! likabingirika hadi dimbwini, ambako Mama Nyati alikuwa akiwaogesha ndama wawili. Mzee akakiuma kifuniko. Kra! Kikalegea. Harufu kali ikachoma pua za wote.

Ndama mmoja akanyoosha ulimi.

"Msimwage!" Nyati akalia, akajitupa mbele ya pipa, tai imemkaa kisogoni. "Msimwage! Ni sumu! Wanangu watakufa!"

Umati ukarudi nyuma hatua tatu.

Mama Nyati akamtazama mumewe. "Na watoto wa wenzetu, Baba Ndama? Wao wasingekufa?"

Nyati akauficha uso wake nyuma ya pipa.

Mzee Kiboko akaushika mkataba kwa meno, akauweka mbele ya Siwema. Safari hii hakupiga mwayo. "Tusomee, mama. Neno kwa neno."

Siwema akasoma. 'Toxic', yenye sumu. 'Waste', taka. 'Dump', kutupa ovyo. Alisoma mpaka zile herufi za sisimizi, na kila mstari ulipokwisha umati uliguna, mmh! Wale majirani waliomcheka wakainamisha vichwa, kisha mmoja akapaza sauti, "Kumbe tulikuwa na mwalimu, tukamwita mpishi!"

Mkataba ukachanwa chwa! Kifuniko kikakazwa, na Bwana Nyati akaamriwa kulirudisha pipa kiwandani kwa pua yake mwenyewe. Bonde zima likasimama kumtazama akipanda kilima, akiteleza, akianza upya, huku Siwema kabebwa juu mgongoni mwa Mzee Kiboko, kaishika pua yake mwenyewe asicheke.

Wanangu, neno usilolijua, anayelijua anaweza kukuuzia sumu kwa jina la asali.