Yungiyungi la Mama Mkwe

Mwanamke akienda kujifungua kisha akamwonea mkunga haya, akajifunika gubigubi na kukataa kutazamwa, atalala na uchungu wake mpaka aite maji mma, na mtoto hatamwona. Ndiyo maana wakubwa wetu walisema kwamba mficha uchi hazai. Wala msidhani waliwasema wanawake peke yao. Wapo wanaume na ndevu zao ambao shida ikiwakaba koo huifunika, huikalia juu, kisha hutabasamu kama hakuna neno. Mmoja wao alikuwa kinyozi, na uchi wake yeye aliuficha chini ya maji.

Mtaa mzima ulimwita kinyozi huyo Najua. Jina hilo alilichuma mwenyewe. Mteja akiketi kitini na kuanza kueleza, "Pembeni punguza kidogo, lakini juu...", yeye huku ameshashika mashine hujibu, "Najua, najua." Mara nyingi alijua kweli. Alipokosea, hakuomba radhi. "Nywele hizo bwana, si jino," alisema akikung'uta kitambaa. "Zitaota." Na kweli ziliota. Katika kazi yake kosa lilijifuta lenyewe, kinyozi akiwa usingizini, basi hata siku moja hakupata haja ya kujifunza kusema, "Nimekosea."

Hata hivyo, moyo wake ulikuwa safi, tusimwonee. Mama mkwe wake alipopata mtoto wa jicho, akawa anaona watu kama vivuli nyuma ya pazia, ni Najua aliyeshikilia kwamba mzazi ahamie kwao. Mama yule alikubali shingo upande, tena kwa sharti moja: yungiyungi lake lije naye. Lilikuwa ua la majini, la samawati, lenye harufu nzuri, ambalo marehemu mumewe alilipanda katika kidimbwi cha nyumba yao walipokuwa maharusi. Nyumba ilikuwa inauzwa, na mume alikwisha tangulia. Lililobaki ni hilo.

Basi Najua akachimba kidimbwi uani, pale lilipokuwa tangi bovu. Alichimba kila akifunga duka, mpaka viganja vikamtoka malengelenge. Alitandika turubai zito, akapanga mawe ukingoni, akajaza maji. Mkewe alisimama mlangoni akatazama, akasema, "Mume wangu, leo umenifurahisha," na Najua akatembea kifua mbele juma zima.

Mama mkwe aliwasili na ndoo mapajani, kiazi cha yungi kikiwa kimeviringishwa kwenye gunia bichi.

"Mkwe wangu," alisema, "chukua beseni pana. Utie udongo mzito, ule wa kufinyangia, na juu yake changarawe, usije ukatibuka. Lakini usilizamishe mara moja. Liweke juu ya matofali, maji yalifunike kiasi cha kiganja tu. Likizoea ndipo..."

"Najua, mama."

"Unajua?"

"Najua kabisa. Wewe nenda katibiwe macho, hili niachie mimi."

Kesho yake mkewe alimsindikiza mama yake hospitali kuu, katika mji mwingine, wakafikia kwa shangazi. Najua akabaki na ndoo. Alitafakari habari ya matofali akaona haimwingii akilini. Mgeni wa heshima huwekwa ndani, hawekwi barazani! Akalipanda katika beseni la udongo na changarawe, kisha akalipeleka beseni katikati kabisa, penye kina kirefu kuliko pote, akaliachia likazama, akapangusa mikono.

Hazikupita siku nyingi majani yakageuka manjano. Mtu mwingine angeuliza. Najua alichukua mkasi. Aliingia majini hadi mapajani akalipunguza yungi la watu kama anavyopunguza kichwa cha bwana harusi, akiamini kwamba litachipua kwa nguvu zaidi. Likachipua kweli, lakini vilivyotoka vilikuwa vijani vyekundu, vyembamba, laini kama karatasi ya kufungia zawadi, vimelala huko huko chini bila kupanda juu. Yungi analolijua yeye lina majani ya kijani, ya mviringo, yanaelea. "Magugu haya," alisema, akayang'oa. Yakaota tena, akayang'oa tena.

Kidimbwi kikabaki kitupu kama sahani iliyorambwa. Hapo mteja mmoja akamletea mfuko wa mimea inayoelea, yenye vikonyo vilivyovimba na ua la zambarau. "Haya hayana usumbufu," alisema mteja. "Yaitwaje?" Mteja hakujua, na Najua, kwa kuwa ni Najua, hakuuliza mara ya pili. Aliyamwaga majini. Lo! Hayakuwa na usumbufu hata kidogo. Yalizaana kwa fujo, jani juu ya jani, mpaka maji yasionekane na jua lisipite. Huko chini yungi likawa gizani.

Simu za mama mkwe nazo zilikuwa hazikosi.

"Yungi langu linaendeleaje?"

"Limeshika, mama."

Siku nyingine: "Lina majani mangapi?" "Mengi tu, mama." Na kwa kuwa uongo haukubali kukaa peke yake, siku moja ulimponyoka mkubwa kuliko yote: "Mama, limechanua!"

Alipokata simu alijiona mjinga. Lakini alijifariji kwamba mama haoni, yuko mbali, na kila kitu huota. Si nywele huota?

Jioni moja mkewe alimpigia simu kando, mama asisikie, sauti yake imechoka. "Mama amekataa upasuaji. Mara ya pili hii. Daktari amesema tukizidi kuchelewa kazi itakuwa ngumu. Anaogopa, na kila tukimtuliza ndiyo kwanza anazidi kuogopa."

"Nimsemeshe?"

"Msemeshe. Wewe na yeye mnasikilizana, nyote wawili mnapenda maua."

Maneno hayo yalimchoma. Alitoka uani akaingia kidimbwini mpaka katikati, akainama, akapenyeza mkono chini ya ule msitu wa zambarau, akapapasa beseni. Hakushika jani hata moja. Aliogopa hasa, hofu ile ya mtoto aliyevunja chungu na mama yuko njiani.

Na je, akasema? Wapi! Alikwenda duka la mapambo ya harusi akanunua yungiyungi la plastiki. La samawati hawakuwa nalo, akachukua la waridi. Aliingia tena majini, akasukuma majani pembeni akaliweka lielee. Ukilitazama kwa mbali, huku umefumba jicho moja, lilipendeza. Hapo hapo simu ikalia.

"Mkwe wangu," alisema mama, "nina habari. Nimekubali. Wananipasua kesho kutwa."

"Alhamdulillahi! Nani amekushawishi, mama?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe na yungi. Nimekaa nimewaza, nikasema, ua langu limetiwa mikononi mwa mtu asiyewahi kupanda hata mchicha, na limeishi, tena limechanua. Basi na mimi naweza kumpa macho yangu mtu nisiyemjua. Sasa nifanyie hisani moja. Lisogelee, ulinuse, uniambie lina harufu gani leo. Niende nayo chumba cha upasuaji."

Najua aliinama. Kwa nini aliinama hakujua, lakini aliinama akalinusa lile ua, na ua likanuka viatu vipya.

Sasa angalieni mtego ulivyomnasa. Akinyamaza, mama atapasuliwa kwa kuuamini uongo, kisha arudi na macho mapya aje aone maiti ya ua la mumewe. Akisema, huenda mama akaghairi, akabaki gizani maisha yake yote, na lawama iwe juu ya kinyozi. Tena huyu si rafiki wa kijiweni, ni mkwe! Mtu ambaye mbele yake hata kupiga chafya unaomba ruhusa.

"Mama," alisema, "halina harufu. Ni la plastiki."

Kabla mama hajajibu, akaendelea:

"Lako nililizamisha katikati, sikuweka matofali. Majani nikayakata kwa mkasi. Halikuchanua, mama, nilikudanganya. Nadhani nimeliua. Sijui nifanye nini. Sijui." Neno hilo alilisema mara mbili, na machozi yakamtoka kwelikweli, mwanaume mzima na suruali imelowa maji ya kidimbwi.

Kilichofuata hakukitazamia. Mama mkwe alishusha pumzi ndefu, kisha akacheka.

"Ahsante, mwanangu. Nilikuwa nangoja."

"Ulikuwa unajua?"

"Yungi lililohamishwa juzi lichanue leo? Mimi macho ndiyo mabovu, akili ninayo." Kisha sauti ikabadilika. "Nilikuwa nafanya kama naamini, maana nilitaka sana kuamini. Hapa kila mtu ananiambia hakuna neno mama, hakuna neno mama. Wakinena hivyo ndiyo naogopa. Wewe umekuwa wa kwanza kuniambia kitu kibaya kama kilivyo. Sasa niambie na hili: upasuaji una hatari?"

Najua alitaka kusema hakuna neno. Akajizuia. "Sijui, mama. Muulize daktari akueleze yote, mema na mabaya. Mwambie hutaki kubembelezwa."

"Nitamwuliza. Na sasa wewe nijibu mimi. Nini kimefunika maji?"

"Mimea inaelea. Ua la zambarau."

"Kikonyo kimevimba? Ukikiminya kinabonyea kama sponji?"

Aliminya. "Ndiyo."

"Uwii! Gugumaji hilo! Toa lote, lisibaki hata moja. Wala usilitupe mtaroni likaenda kuwatesa wengine. Lianike juani likauke. Haya, na yungi lilitoa chochote baada ya kulinyoa?"

"Hakuna, mama. Palitoka magugu tu, majani mekundu, laini, yamelala chini. Niliyang'oa."

"Mwanangu!" Mama alipiga kelele hata Najua akatenga simu na sikio. "Hayo ndiyo majani yake ya kitoto! Yungi huanza hivyo, jekundu, chini kwa chini, ndipo lipande. Umeling'oa na kiazi?"

"Majani tu."

"Lipandishe ulitazame. Upesi!"

Alivuta beseni mpaka ukingoni, akafukua changarawe kwa vidole. Mama alimwambia akibonyeze kiazi: kikiwa laini na kikinuka vibaya, basi tena. Kilikuwa kigumu kama muhogo mbichi. Na kwenye jicho lake palichomoza kitu chekundu, kidogo kama ncha ya kiberiti.

"Kigumu, mama! Kina kitu chekundu!"

"Basi liko hai," alisema mama, na sasa yeye ndiye aliyekuwa analia. "Liweke juu ya matofali. Kiganja kimoja cha maji. Na mkasi wako, tafadhali, uuache dukani."

Siku ya upasuaji na kesho yake Najua hakuweza kumnyoa mtu. Aliketi kwenye kiti chake mwenyewe cha wateja akiitazama simu. Ilipolia alikuwa mkewe, anacheka huku analia. Daktari alikuwa amemweleza mama kila kitu, bila kuficha, na mama akaenda mwenyewe kwa miguu yake. Sasa kitambaa cha jicho kimeondolewa. "Unajua neno la kwanza aliloniambia? 'Mwanangu, kumbe una mvi!'" Najua alicheka mpaka akashika tumbo.

Walibaki huko kwa ajili ya jicho la pili na dawa za matone. Muda huo wote Najua alipiga simu kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Mama, maji yanageuka kijani, niyamwage? Usiyamwage, mwanangu, ni mwani tu, kidimbwi kipya hujitafuta, kikipata majani kitatulia. Mama, jani jekundu limekuwa refu. Liache. Mama, limepanda! Liko juu! Ni la kijani, linaelea! Siku hiyo mama aliiweka simu kando akamsimulia shangazi kwanza.

Walipofika nyumbani, mama mkwe alisimama uani, akamtazama mkwe wake kutoka juu hadi chini.

"Kumbe kinyozi mwenyewe ana kipara," alisema.

"Shikamoo, mama," alijibu Najua akiinamisha hicho kipara.

"Marahaba. Haya, nipeleke."

Maji yalikuwa yametulia, na juu yake yalielea majani mapana ya kijani. Ua halikuwepo. Najua alilisema hilo mapema, kabla hajaulizwa: "Halijachanua, mama." Lakini mama alikuwa amekwisha piga magoti. Alinyoosha kidole bila kupapasa. Kati ya majani mawili, chini kidogo ya uso wa maji, palisimama tumba moja lililofumba, na pembeni mwake rangi ya samawati ilikuwa imeanza kuchungulia.

"Lile pale," alisema. "Naliona. Laiti baba yenu naye angeliona." Akamshika Najua mkono wenye makovu ya malengelenge, wakakaa hapo, mkewe akiwaletea viti.

Mpaka leo wateja wanamwita Najua, jina halifi. Ila sasa mtu akiketi kitini, humfunga kitambaa, huweka mashine chini, na kumwuliza, "Nikunyoe vipi, ndugu yangu? Nieleze." Na akikosea, husema amekosea, kisha humsimulia mteja habari ya tumba lile, lililokuja kuchanua kwa sababu mtu mmoja alikubali kuaibika mbele ya mkwewe: hakika, mficha uchi hazai.