Bibi Nyamizi na Mashimo ya Watu Waliotangulia

Paukwa!

Pakawa!

Niwape, nisiwape?

Tupe!

Basi tulieni. Zamani hizo, kabla babu wa babu zangu hajaota meno, palikuwa na kijiji juu ya kilima kirefu. Watu wake walikuwa wageni. Walikimbia njaa kwao, wakatembea, wakatembea, wakatembea, wakakuta kilima kitupu, wakajenga. Hawakujua kwamba chini ya miguu yao ardhi ilikuwa na matumbo.

Siku moja ng'ombe wa Mtemi Lugendo, mkuu wa kijiji, alikuwa akila majani. Mara ardhi ikalia didididi, puu! Ng'ombe hayupo. Watu wakakimbilia pale, wakachungulia. Shimo! Tena limechongwa na mikono ya watu, kuta zake laini kama ndani ya bakuli. Wakatafuta kilima kizima mpaka bondeni. Wakapata mashimo kumi na moja.

"Jazeni mawe," akasema Mtemi Lugendo. "Yote. Leo hii."

Akasimama bibi mmoja, Nyamizi, mfinyanzi wa vyungu. Magoti yake yalikuwa mabovu, lakini udongo aliujua kuliko alivyojua uso wake mwenyewe.

"Mtemi, hakuna mtu achimbaye hivi bila haja. Walikuwa na haja gani? Niache niangalie kwanza. Mawe hayaendi popote."

Mtemi akampa miezi miwili.

Kila asubuhi Bibi Nyamizi alijifunga kamba kiunoni, akashika mwenge, akashushwa polepole. Mwenge ukififia tu, alitikisa kamba, ngu-ngu-ngu, naye akavutwa juu haraka. Hewa ya chini huua, na yeye alikuwa mwoga. Aliogopa kila siku. Aliogopa, akashuka.

Akaona kwamba mashimo hayakufanana. Mengine yalikuwa na mdomo mwembamba na tumbo pana, kuta zimechomwa moto zikawa ngumu, na chini palikuwa na makapi ya mtama. "Hili ni ghala," akasema, akachora mtungi mdomoni pa shimo kwa udongo mwekundu. Mengine yalikuwa njia ndefu, za kupita kwa magoti, zenye matundu ya kuvutia pumzi, masizi ya taa ukutani, na jiwe la mviringo la kufungia mlango kwa ndani. "Hapa watu walijificha." Akachora unyayo. Katika mawili alikuta mifupa imelala ubavu, shanga bado shingoni. Hakugusa kitu. Alitoka kinyumenyume, akaomba radhi, akachora duara lililofungwa.

Shimo la tisa alilifikia jioni. Mdomo mwembamba, tumbo pana. Magoti yalimuuma. Kamba ilimfikisha katikati, akamulika chini, akaona giza. "Ghala," akasema. Akachora mtungi, akaenda kulala.

Baada ya mavuno, Maganga, baba wa watoto wanne, akamwaga mtama wake wote ndani ya shimo lile. Mvua ikaja. Tititi, tititi, siku tatu. Maganga alipofungua, mtama ulikuwa ukielea. Lilikuwa birika la maji! Watu wa kale walilichongea mifereji midogo ya kuingizia maji ya mvua chini kabisa, pale ambapo Bibi hakufika.

Kijiji kikanung'unika. Wengine wakasema ni hasira ya wenye mashimo. Bibi Nyamizi angeweza kukubali neno hilo, akabaki na heshima yake. Akasimama mbele ya watu wote.

"Si hasira ya mtu. Sikufika chini. Nilichoka, nikakisia, nikachora kama ninayejua. Maganga, mwanangu, nisamehe. Mtama wangu ni wako."

Maganga alichukua mtama, kwa kuwa watoto walikuwa na njaa, akaenda zake.

Siku ya pili Bibi akafuta alama zote kumi na moja, akaanza upya. Sasa hakuchora mpaka aguse chini kwa kiganja chake. Shimo la tisa akalichorea kibuyu cha maji. La kumi na moja lilikuwa kubwa kuliko yote, karibu na nyumba ya Mtemi. Akalishuka mara saba, mwenge ukafa mara saba. Akachora mistari miwili iliyokatana.

"Hiyo maana yake nini?" Mtemi akauliza.

"Sijui."

"Hujui maana yake?"

"Maana yake ndiyo hiyo. Sijui."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mwaka ukapita. Adhuhuri moja, moshi ukapanda kilima cha pili. Wavamizi! Mayowe, uuuwi! Mtemi Lugendo akaelekeza watu kwenye shimo kubwa. "Humu! Ni karibu, na tunatosha wote!"

Bibi Nyamizi akasimama mdomoni pa shimo, akinyoosha mikono.

"Tupishe, Bibi! Wewe mwenyewe umesema hujui. Huenda ni salama!" akafoka Mtemi.

"Huenda. Lakini lile la unyayo, kule bondeni, nimelitambaa kwa magoti haya mpaka likanitoa upande wa pili."

"Kule ni mbali! Na huyu ndiye aliyekosea ghala!" mtu akapaza sauti.

Watu wakasimama, hawaendi mbele wala nyuma. Ndipo Maganga akambeba mtoto wake mdogo mgongoni.

"Aliponikosea, alisema," akasema. "Akisema anajua, mimi namwamini."

Akashika njia ya bondeni. Watoto wake wakamfuata, kisha mkewe, kisha kijiji kizima, Mtemi akiwa wa mwisho.

Wakaingia. Jiwe likaviringishwa, grrr! Juu yao miguu ikapita, du! du! du! Chini, tii. Hata watoto wachanga walinyamaza. Walitambaa, wakatambaa, wakatambaa, mpaka wakaona mwanga wa upande wa pili.

Walirudi siku ya tatu. Nyumba zilikuwa majivu. Watu wakahesabiana: hakupungua hata mmoja. Wavamizi walidhani watu wamejificha katika shimo kubwa, wakawasha moto mdomoni. Moshi ulikuwa bado unatoka pale pale ulipoingilia. Shimo lile halikuwa na tundu jingine.

Mtemi Lugendo akatazama moshi ule. Kisha akamwendea Bibi.

"Nieleze mashimo haya, Bibi. Yote, tangu la kwanza."

Bibi Nyamizi akamfunga kamba kiunoni.

"Shuka uyaone, Mtemi."

Mtemi aliogopa. Akashuka.

Nanyi mnaonisikiliza, anayejua aseme, na asiyejua aseme vilevile, kwani kuna watu wataweka uhai wao juu ya neno lake. Kamba yangu ya maneno imefika chini. Hadithi imeishia hapo.